Mbwa mzee mwenye maradhi: umlee kwa muda au umwasili?

Picha imekufikia kwenye kikundi cha WhatsApp. Mbwa wa rangi ya kahawa, mdomo umeota mvi, jicho moja limetanda ukungu. Chini yake maneno machache: jike, miaka tisa hivi, yuko kwenye dawa, anatafutiwa mwenyewe au mlezi wa muda. Umeirudia picha hiyo mara tatu, na kinachokukwamisha ni hiyo "au".

Nimekaa pande zote mbili za neno hilo, hapa Nairobi. Mbwa mmoja, jina lake Kahawa, nilimlea wiki kumi na moja, akapona, akachukuliwa na mama mmoja wa Kiambu. Mwingine, Bosi, nilimwasili akiwa na kifafa na nyonga mbovu, nikawa naye miaka miwili na ushei hadi siku yake ikafika. Ukiniuliza ipi ni njia bora sitakujibu, kwa sababu ningemchukua Bosi kwa mpango wa Kahawa ningeharibu, na Kahawa kwa mpango wa Bosi vivyo hivyo.

Tuelewane kwanza kwa maneno. Anayelea kwa muda hukaa na mbwa nyumbani kwake, lakini mbwa hubaki wa kituo kilichomwokoa. Anayeasili hutia sahihi, na kuanzia hapo mbwa ni wake pamoja na deni la dawa. Mimi huigawa kazi yote mafungu matatu: mikono, mfuko na uamuzi. Mlezi wa muda hutoa mikono. Aliyeasili hutoa vyote vitatu. Majuto mengi niliyoyasikia kwa watu yalianza pale ambapo hawakujua fungu lipi limebaki kwa nani.

Nitazipima njia hizi kwa mambo matano: aina ya ugonjwa, pesa, saa za dawa, nani anaamua, na nyumba unayoishi. Suala la kuachana nitaligusa baadaye. Ndilo watu huliogopa kwanza, lakini sijaona likiwaangusha wengi.

Ugonjwa una mwisho au hauna?

Swali hili uliza kabla ya yote. "Yuko kwenye dawa" inaweza kuwa na maana mbili zisizofanana hata kidogo.

Kuna magonjwa yanayotisha kwa macho lakini yana tarehe ya kumalizika. Kahawa aliokotwa na ule uvimbe wa sehemu za siri ambao mbwa wa mitaani huambukizana wakipandana. Ulikuwa unavuja damu, na watu walikuwa wakimkwepa. Kumbe ni saratani ambayo kwa kawaida hukubali dawa vizuri: sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, mara nyingi wiki nne hadi sita. Masharti yalikuwa machache: glavu wakati wa kusafisha mkojo na kinyesi chake siku chache baada ya kila sindano, na mjamzito asiguse kazi hiyo. Ugonjwa wa kupe nao, ule unaomwacha mbwa na homa, ufizi mweupe na mwili usio na nguvu, kwa kawaida hutibiwa kwa doksisaiklini kwa takriban wiki nne. Kidonge hicho kitolewe na chakula na maji, kwa kuwa kikikwama kooni huchoma.

Halafu kuna yale ya kudumu: kifafa, kisukari, figo zinazochoka, moyo, baridi yabisi. Haya hutunzwa. Hayaponi.

Kulea kwa muda kunafaa sana kundi la kwanza. Unampokea akiwa hali mbaya, unamkabidhi akiwa mzima, na kituo kinapata nafasi ya kumwokoa mwingine. Kuasili kunafaa zaidi kundi la pili, kwa mbwa mwenyewe kwanza. Mzee asiyeona vizuri hujifunza nyumba kwa kunusa na kukariri, na kumhamisha kila baada ya miezi mitatu ni kumfuta kumbukumbu aanze upya. Lakini mbwa wa kundi la pili pia hulelewa kwa muda, hasa pale daktari anapotaka kuona dawa ikikaa sawa kwanza kabla hajatangazwa kwa watu. Mlezi wa wiki hizo humfaa hata atakayemwasili, maana humpa maelezo ya kweli. Mwenye kituo chenye mbwa wengi hawezi kujua kuwa huyu hutetemeka mguu wa nyuma dakika kumi kabla ya kuanguka. Wewe utajua.

Pesa

Kwa mlezi wa muda, desturi ni kituo kulipia dawa na daktari, na wewe kutoa chakula, usafiri na mahali pa kulala. Desturi, nasema. Niliwahi kuambiwa na kituo kimoja "nunua kwanza, utarudishiwa", nikanunua, na M-Pesa ya marejesho ilikuja nilipokuwa nimeshasahau. Sikuwalaumu sana, walikuwa wanaishi kwa michango. Ila tangu hapo huomba iandikwe, hata kama ni ujumbe wa simu tu: dawa ni juu ya nani, kipimo cha damu ni juu ya nani, na usiku wa dharura nampigia nani.

Kwa anayeasili, malipo ya kumchukua mbwa kituoni ndiyo madogo kuliko yote yatakayofuata. Usipige hesabu kwa jina la ugonjwa, piga kwa uzito. Dawa nyingi hupimwa kwa kilo, kwa hiyo maumivu yale yale ya viungo kwa kijibwa cha kilo nane na kwa German Shepherd wa kilo thelathini na mbili yana bei mbili tofauti kabisa, moja ikiwa kama mara nne ya nyingine. Na hapa kwetu wazee wengi wanaotafutiwa nyumba ndio hao wakubwa, waliolinda mageti ya watu maisha yao yote, na nyonga mbaya ziko kwenye ukoo wao. Kwa hiyo uliza jina la dawa, kipimo na kilo. Piga simu maduka mawili ya dawa. Zidisha kwa mwezi. Ongeza vipimo vya damu: mbwa wa kifafa anayetumia fenobabitali hupimwa damu wiki mbili hivi baada ya kuanza, halafu kila miezi sita, ili kuangalia kiwango cha dawa na hali ya ini. Ukimaliza, weka kando pesa ya usiku mmoja mbaya. Kama hesabu hiyo inakula ada ya shule ya mtoto, umeshapata jibu lako, na hakuna aibu ndani yake.

Neno moja kwa wote wawili, kwa sababu nimeona likiua. Usibane matumizi kwa kumpa ibuprofeni, diklofenaki au parasetamoli ya binadamu kutoka kwenye kabati lako. Mbwa huumia tumbo, figo au ini kwa vidonge ambavyo wewe unavimeza bila wasiwasi.

Saa za dawa

Hapa njia zote mbili ni kazi ile ile, na ni ya kila siku. Kifafa na kisukari hutaka dawa kila baada ya saa kumi na mbili. Kwetu ilikuwa saa moja asubuhi na saa moja jioni. Saa moja jioni, kwa mtu anayefanya kazi mjini na kulala Rongai, ni wakati ambao matatu bado imesimama kwenye foleni. Fenobabitali haikatishwi ghafla, maana kuikatisha kwenyewe kunaweza kuamsha kifafa kikali. Kwa hiyo mwenye kumpa Bosi dawa ya jioni, mara nyingi, alikuwa dada anayetusaidia nyumbani. Kabla hujasema ndiyo kwa kituo chochote, kaa na mtu huyo mzungumze. Pengine anaogopa mbwa. Pengine hataki, na ana haki. Akikubali, iwe kazi inayolipwa, isiwe fadhila.

Vidonge vyenyewe ni mchezo wa akili. Niliviweka ndani ya kipande cha ini la kuchemsha. Siku tatu za kwanza Bosi alikula vizuri, nikajisifu. Siku ya nne, nikivaa viatu, nikakanyaga vidonge viwili vilivyolainika, ndani kabisa kwenye kidole gumba. Alikuwa akilamba ini, akivihifadhi shavuni, na kuja kuvitema ndani ya viatu vyangu. Ugali mlaini uliopakwa mchuzi wa omena ndio ulimshinda ujanja.

Kisukari kina mambo yake. Insulini inataka friji, na stima ikipotea usiku kucha utahitaji chupa ya chai iliyotiwa barafu, insulini ikiwa imefungwa kitambaa isigusane na barafu hiyo, kwa kuwa ikiganda imeharibika. Tena, insulini iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa kwa kawaida ni ya alama ya U-40, yaani vipimo 40 kwa mililita, na sindano za binadamu zinazouzwa kila duka ni za U-100, yaani vipimo 100. Ukichanganya, kipimo kinakosewa vibaya. Kwa mbwa wa moyo kazi ni ya macho zaidi: akiwa amelala fofofo, hesabu kifua kikipanda na kushuka, kupanda na kushuka ni moja. Chini ya thelathini kwa dakika ni sawa. Ikizidi hapo na kuendelea kuzidi, mpigie daktari siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Tofauti moja ya kweli kati ya njia mbili inaonekana Desemba. Mlezi wa muda anayekwenda ushago anaweza kukiambia kituo mapema, nacho kikamtafuta mlezi mwingine wa wiki mbili. Aliyeasili anatafuta mwenyewe, na wanaokubali kukaa na mbwa wa kifafa hawajazi hata teksi.

Nani anaamua

Sehemu hii ndiyo watu huipita haraka, nami ningependa uikalie.

Kahawa aliwahi kutapika usiku, mara tano, povu la manjano. Nilimpigia msimamizi wa kituo, akaniambia nimnyime chakula hadi asubuhi aonwe na daktari wao. Mimi nilitaka kumpeleka kwa daktari wangu saa hiyo hiyo. Sikuruhusiwa, na kwa makubaliano tuliyotia sahihi walikuwa na haki. Asubuhi alikuwa mzima, na ilibainika alikula mabaki ya matumbo kwenye pipa la jirani. Lakini ule usiku nilikaa sakafuni nikiwa na funguo za gari mkononi, nikijua kuwa mbwa si wangu. Kuna watu ambao hali hiyo huwapa utulivu: mwenye uzoefu kuliko mimi ameamua, mimi nafuata. Kuna ambao huwachoma kama upupu. Jijue wewe ni yupi. Ukiwa wa pili, kulea kwa muda kutakugombanisha na watu wema.

Aliyeasili huamua mwenyewe. Daktari gani, dawa gani, upasuaji au hapana. Hakikisha tu kuwa daktari huyo amesajiliwa, kwa Kenya na Kenya Veterinary Board, kwa Tanzania na Baraza la Veterinari, maana wanaodunga sindano mitaani bila usajili wapo. Kwa kesi ngumu kuna vyuo vinavyofundisha madaktari hao: Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) pale Morogoro.

Na uhuru huo una siku yake ya kulipwa. Kifafa kinachopita dakika tano, au kinachorudi mara kadhaa ndani ya siku moja, ni dharura. Bosi alipata vitatu kati ya alfajiri na adhuhuri. Cha tatu hakikukatika hadi alipodungwa. Alipoamka hakunitambua, akawa anazunguka chumba akigonga meza. Daktari alinieleza kilichopo, kisha akanyamaza, kwa sababu kilichobaki hakikuwa chake kusema. Hapakuwa na kituo cha kupigia simu. Nilisema neno mimi, nikiwa nimemshika sikio.

Nyumba na watu wake

Ukiwa mpangaji, soma mkataba wako. Kumlea kwa muda husaidia kumshawishi mwenye nyumba: "ni wiki nane tu" inasemeka kirahisi kuliko "ni hadi afe". Ila usimdanganye kisha ukamwasili kimyakimya, atakayefukuzwa mwisho ni mzee wa watu.

Sakafu ya vigae ni adui wa nyonga. Tandika mikeka au vipande vya zulia kuukuu kutoka anapolala hadi mlangoni. Maji yawe mahali pamoja siku zote. Majirani watauliza kuhusu kichaa cha mbwa, na wana sababu, kwani karibu wagonjwa wote wa kichaa hicho duniani huambukizwa na mbwa. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kutokana nacho. Mlezi aombe kituo nakala ya kadi ya chanjo. Aliyeasili aihuishe mwenyewe, na amuulize daktari kama afya ya mzee inaruhusu chanjo kwa wakati huo. Uliza pia kaunti yako kuhusu leseni.

Kwa wasomaji Waislamu, hasa wa pwani ambako wengi ni Shafii, mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi anayelala bandani na kulishwa kwa bakuli lake hawasumbui wengi. Mbwa mgonjwa ni jambo jingine, kwa maana utafungua kinywa chake mara mbili kwa siku, utafuta mapovu yake, utambeba. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa alilipatia ufumbuzi wake: banda kavu nyuma ya nyumba, nguo na glavu za kazi hiyo peke yake, bomba la maji nje, na udongo safi kwenye ndoo. Alichagua kulea kwa muda makusudi, ajaribu kama familia itauweza utaratibu huo kabla ya kujifunga. Naona alifanya busara. Kama wengine kwenye nyumba yake wangekataa, hilo lingejulikana wiki ya pili bila mbwa kuumia.

Kuachana

Kumrudisha Kahawa kuliniuma siku nne hivi. Baadaye mama wa Kiambu alinitumia picha ya Kahawa akiwa amelala juani karibu na kuku, hawana habari naye wala yeye nao. Kumzika Bosi kuliniuma muda mrefu zaidi, na sitakupa idadi ya siku. Wapo walezi wanaoshindwa kumwachia mbwa, wakaishia kumwasili. Si kosa, lakini rudi kwanza kwenye ile hesabu ya kilo na dawa. Ugonjwa hautashuka bei kwa sababu umempenda.

Ipo pia njia ya katikati: kulea hadi mwisho. Mbwa aliyebakiza miezi hukaa kwako, kituo kinaendelea kulipa daktari na kuamua naye, wewe unatoa mikono na sakafu yenye mkeka. Si kila kituo kinao mpango huo, lakini wengi hawajawahi kuulizwa tu.

Kwa hali yako

Una muda nyumbani lakini mfuko ni mwembamba, labda umestaafu au unafanyia kazi nyumbani: lea kwa muda, au lea hadi mwisho. Vituo huwa na uhaba mkubwa wa watu kama wewe.

Una mshahara wa uhakika, nyumba yako mwenyewe, daktari unayemwamini, na mtu wa pili anayeweza kumpa mbwa dawa: asili, hata huyo mwenye kifafa. Muombe mlezi wake wa sasa akusimulie siku yake nzima, saa kwa saa.

Hujawahi kufuga mbwa kabisa: anza kulea mwenye ugonjwa wenye mwisho, kama wa kupe au ule uvimbe. Wiki sita zitakufundisha mengi, na daktari yuko upande wa pili wa simu.

Una mtoto mdogo au mjamzito nyumbani: usichukue mbwa aliye kwenye sindano za saratani wala kipofu anayeshtuka akiguswa. Mzee mtulivu wa baridi yabisi anaweza kufaa, ila akae kwanza kwa muda kabla ya sahihi.

Unasafiri kikazi kila mwezi: usiasili mgonjwa wa dawa za kila baada ya saa kumi na mbili. Lea kati ya safari, kwa wiki zinazojulikana.

Mashirika ya wanyama ya kuulizia yapo. Nairobi kuna KSPCA, Dar es Salaam kuna TAWESO, na Usa River karibu na Arusha kuna Mbwa wa Africa. Taratibu hutofautiana kituo kwa kituo, na vingi huja kukagua ua na geti kabla ya kukukabidhi mnyama. Na kama baada ya hesabu zote huwezi kumchukua kwa njia yoyote, nenda Jumamosi asubuhi na magazeti ya zamani na blanketi ulilostaafisha. Uliza ni yupi hajatolewa nje wiki hiyo. Mara nyingi ni mzee, na hatembei haraka.